Robo Mzunguko

Gitaa limekuja limefungwa kwa leso,
si kwa mkoba. Akeyo amepanda nalo ngazi tatu
za jengo letu la Luthuli, lenye duka la redio chini
na cherehani zisizonyamaza orofa ya pili,
akalilaza mezani kama anayeleta mgonjwa
asiyetaka kuambiwa ni mgonjwa.

"Nyuzi ziko juu," akasema. "Vidole vinaniuma.
Na nikifika hapa," akagusa freti ya kumi na mbili,
"linanidanganya."

Gitaa halidanganyi, nilitaka kusema.
Ni daraja.

Nikatia sarafu ya shilingi moja chini ya uzi wa sita:
ikapita.
Nikaibebesha ya shilingi tano: zikapita zote mbili
na nafasi ya chenji ikabaki.
Nani aliliinua hivi?

Baba yangu.
Odindo, mkata misumari Viwandani siku tano za wiki,
na wikendi mpiga solo Kariobangi,
kwa mkono usiojua kugusa, uliojua kushindilia tu.
Uzi ulioshuka ulilia bati chini ya mkono ule,
basi akauinua, akazidi kuuinua,
hadi ukamstahimili.

Skrubu zimeshikwa na kutu ya jasho lake,
chumvi ya mtu, kijani, kwenye kila tandiko.
Nikaenda kuomba tone la mafuta ya cherehani kwa Mama Nzilani,
nikalidondosha, nikangoja.
Nusu ya kazi hii ni kungoja.
Nje manyunyu ya Julai, ile baridi yetu
inayopinda mbao bila kuonekana.

Kisha spana ya pembe sita,
nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.
Robo mzunguko. Uzi ukashuka
unene wa karatasi ya sigara.
Robo tena.

Akeyo akashika ukingo wa meza.
"Ngoja. Ukishusha,
si utakuwa umefuta mahali pake?"

Jibu sina. Mimi ni fundi.
Nikachukua kalamu, na nyuma ya bili ya stima
nikaandika kimo cha kila uzi, hadi nusu milimita,
kama vipimo vya suti
ambayo mwenyewe hakuja kuichukua.
Nikaikunja, nikaipenyeza chini ya kava ya nyuma, penye waya.
"Akirudi kulitaka," nikasema,
nikajuta palepale,
lakini yeye akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

Sasa ule uongo.
Unaugusa uzi katikati bila kuukandamiza: sauti ya filimbi.
Unaubonyeza papo hapo: sauti ya nyama.
Hizo mbili zapaswa kuwa moja.
Mshale wa kipimo ukakimbilia kulia, kali mno.
Nikalegeza, nikarudisha tandiko nyuma
upana wa chembe ya wimbi,
nikakaza, nikapima.
Wa kwanza ukakubali. Wa pili, wa nne, wa tano.
Wa sita ukakubali kwa kunung'unika.
Wa tatu, huo sijawahi kumwona fundi aliyeumaliza:
ukinyooka juu, unapinda chini.
Unauachia kosa dogo kila upande
na kuliomba sikio msamaha.

Stima ikapotea.
Ampifaya ikafa, na kule chini cherehani zikanyamaza
kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
Akalichukua gizani, kavu, bila waya,
akapiga kitu ambacho sikukitambua,
vidole vikitua vyepesi,
ila mahali pamoja, kwa mazoea, akashindilia
kama mtu asukumaye mlango
ulio wazi tayari.
Uzi wa sita ukalia bati.

"Nimeushusha mno?" nikauliza, nikipapasa spana.

"Hapana," akasema.
"Huo uache."